Frank Pocock, Mwana wa Mvuvi

Katika pwani ya kusini ya Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, kuna kijiji kiitwacho Kageye. Mtu akisimama hapo wakati wa asubuhi huliona Ziwa Victoria limetandazwa mbele yake kama mkeka, na ng'ambo ya maji huiona nchi ya Ukerewe. Zamani watu wengi walipita mahali hapo. Wengine walikuja kwa biashara ya pembe na nguo. Wengine waliletwa wamefungwa minyororo, wapelekwe pwani kuuzwa. Na katika mwaka wa 1875 alikaa hapo kijana mmoja wa Kiingereza, jina lake Frank Pocock. Hakuwa mkuu wala tajiri, na maisha yake hayakuwa marefu. Lakini habari zake zimekumbukwa mpaka leo, na mwenye kuzisoma hupata mambo mawili ya kuyafikiri: jinsi ujasiri unavyomfaa mtu, na jinsi ujasiri uo huo unavyoweza kumwangamiza.

Frank alizaliwa katika kijiji cha Lower Upnor, ukingoni mwa mto Medway, katika jimbo la Kent. Baba yake, Henry Pocock, alikuwa mvuvi. Frank na ndugu yake Edward walilelewa majini, kama watoto wa Wakerewe na Wasukuma wa pwani ya ziwa walelewavyo. Walijifunza kupiga makasia, kutweka tanga, kuogelea, na kuitambua hali ya maji kwa kuyatazama tu. Hawakuwa na mali. Mali yao ilikuwa nguvu za mikono yao na sifa njema. Maana watu waliowajua waliwashuhudia kuwa ni vijana waaminifu, wasio walevi, wenye moyo wa furaha.

Katika mwaka wa 1874 magazeti mawili, moja la London na moja la New York, yalimtuma Henry Morton Stanley aende Afrika. Kazi yake ilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria ajue kama ni ziwa moja au ni maziwa mengi, kisha kulizunguka Ziwa Tanganyika, na mwisho kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho wake. Watu zaidi ya 1,200 walimwandikia barua wakitaka kwenda naye. Stanley akawachagua Waingereza watatu tu: Frank, ndugu yake Edward, na kijana mwingine jina lake Frederick Barker, aliyekuwa karani katika hoteli moja ya London. Barker hakujua kazi ya majini wala ya safari, ila alitaka sana kwenda, akasihi mpaka akakubaliwa.

Wakafika Unguja mwezi wa Septemba mwaka ule. Huko Stanley akawaandika wapagazi na askari, Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi. Tarehe 17 Novemba 1874 safari ikaondoka Bagamoyo, watu 356 kwa jumla. Katika mizigo yao ilikuwamo mashua nzuri ya mti wa mwerezi, jina lake Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo ilikuwa imegawanywa vipande vipande, ili wapagazi waichukue mabegani kupita porini na milimani, kisha iungwe tena wakifika majini. Edward alipewa kazi ya kupiga baragumu, na kila asubuhi sauti yake iliwaamsha watu waanze mwendo.

Njia ilikuwa ngumu. Walipopita Ugogo mvua ilikuwa nyingi na chakula kilikuwa haba. Watu wakashikwa na njaa na homa. Wengine wakafa, wengine wakatoroka. Ndipo Edward alipougua. Frank akamwuguza siku nyingi, akakaa karibu naye mchana na usiku. Tarehe 17 Januari 1875 Edward akafa mahali paitwapo Chiwyu. Wakamzika chini ya mgunga, wakachora msalaba katika gome la mti ule. Kesho yake baragumu ilipigwa na mtu mwingine, na Frank akatwaa fimbo yake akafuata njia pamoja na wenziwe. Alikuwa amebaki peke yake katika watoto wa mvuvi waliotoka nyumbani pamoja. Siku chache baadaye wakaingia vitani na Waturu, na damu nyingi ikamwagika pande zote mbili.

Tarehe 27 Februari 1875, siku ya 103 tangu kuondoka Bagamoyo, msafara ulikuwa ukipanda kilima katika Usukuma. Watu walikuwa wamechoka kabisa. Barker alikuwa juu ya punda, mgonjwa, kichwa kimeinama. Frank hakuweza kungoja. Akatangulia kwa haraka mpaka kileleni, akasimama, akatazama mbele kwa muda mrefu. Kisha akapunga kofia yake, akateremka mbio kuwaambia wenziwe, uso wake ukimeta kwa furaha, ya kuwa ameliona ziwa, nalo ni kubwa na zuri ajabu. Barker akainua kichwa akatabasamu. Wanyamwezi wakaanza kuimba, na wale waliokuwa wakivuta miguu wakapata nguvu mpya. Siku ile ile wakaingia Kageye, wakapokewa na mtemi wa mahali, Kaduma. Walipohesabiwa, ilionekana kwamba karibu nusu ya watu waliotoka Bagamoyo hawakuwapo tena.

Pale Kageye vipande vya mashua vikaungwa. Kazi hiyo haikuwa ngeni kwa Frank, mtu aliyekua kati ya mbao na kamba na lami. Kila mtu angalidhani ya kwamba yeye, baharia, ndiye atakayekwenda kulizunguka ziwa. Lakini Stanley aliamua vingine. Tarehe 8 Machi akatweka tanga pamoja na watu 11, akawaacha Frank na Barker kuwa walinzi wa kambi, wagonjwa na mali. Huenda hakuna jambo lililo gumu kwa kijana mwenye nguvu kuliko kuambiwa akae nyuma huku wenziwe wanaondoka. Frank akatii.

Siku zikapita, wiki zikapita, na mashua haikuonekana. Baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba Stanley na wenziwe wamekwisha kuzama. Watemi kadhaa wa jirani waliposikia hivyo wakafanya shauri la kuishambulia kambi na kuitwaa mali. Frank akapata habari mapema. Hakukimbia wala hakupayuka. Akawapa watu risasi, akaweka zamu za usiku, akaendelea kukaa vizuri na Kaduma na Sungoro, mfanya biashara kutoka pwani aliyekuwa akiishi Kageye. Shauri lile likavunjika, wala kambi haikushambuliwa. Hivyo kijana aliyezoea kasia alijifunza kazi nyingine, kazi ya kuwatunza watu.

Lakini adui mwingine alikuwa ndani ya kambi, nayo ilikuwa homa. Tarehe 23 Aprili, asubuhi, Barker alitoka nje akamsalimu mwenziwe kama desturi. Mara baridi kali ikamshika. Frank akampa dawa aliyokuwa nayo, akajaribu kumpasha moto, lakini haikufaa; kabla ya adhuhuri Barker alikuwa amekufa. Frank akamzika karibu na maji. Mwezi wa Mei mashua ikarudi, baada ya siku 57. Stanley alikuwa amelizunguka ziwa lote, akajua ya kuwa ni ziwa moja kubwa, kama Speke alivyosema baada ya kuliona kutoka upande wa Mwanza katika mwaka wa 1858. Watu wakapiga bunduki za shangwe. Frank akaja mbio ufukweni. Stanley alipomwuliza habari za Barker, uso wake ukabadilika, akaonyesha kwa kidole tuta dogo la udongo kando ya ziwa. Vijana watatu waliotoka Uingereza sasa alikuwa mmoja.

Tangu siku ile Frank akawa mtu wa pili katika safari yote. Akajifunza Kiswahili, akakisema na watu wote, mkubwa kwa mdogo. Waungwana wakampenda, wakamwita Bwana Mdogo. Akavuka nao ziwa kwenda Buganda, akakaa nao kambini wakati Stanley alipokuwa kwa Kabaka Mutesa, akapita nao Karagwe, hata wakafika Ujiji mwezi wa Mei 1876. Haifai kuficha kwamba safari hiyo haikuwa ya amani siku zote. Mara nyingi Stanley aliwapiga watu wa nchi kwa bunduki, na katika kisiwa cha Bumbire, mwaka wa 1875, watu wengi waliuawa kwa kulipiza kisasi. Watu wa siku zile walimlaumu kwa jambo hilo, na watu wa siku hizi humlaumu zaidi.

Huko Ujiji mambo yakawa kama Kageye. Stanley alikwenda kulizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua, na Frank akaachwa kambini. Ndui ikaingia mjini, watu wakafa. Yeye mwenyewe akashikwa na homa. Lakini Stanley aliporudi baada ya siku 51 aliikuta kambi ingalipo na mlinzi wake yu hai.

Wakavuka Tanganyika, wakaenda Manyema, wakakutana na Tippu Tip. Hapo palikuwa na njia mbili: ama kwenda kusini, Katanga, njia iliyo salama kidogo, ama kuufuata Lualaba kwenda kaskazini, katika msitu na nchi zisizojulikana kwao. Usiku mmoja Stanley na Frank walikaa wakifanya shauri. Frank akatoa wazo la kurusha rupia juu: kichwa kikionekana waufuate mto, nyuma ikionekana waende kusini. Wakairusha mara sita, na mara zote sita ikaonekana nyuma. Wakachukua vijiti, kirefu na kifupi, navyo vikawaelekeza kusini. Basi wakacheka, wakaacha rupia na vijiti, wakaamua kuufuata mto. Mwezi wa Novemba 1876 wakaondoka Nyangwe, na mwisho wa mwaka Tippu Tip akaagana nao, akarudi.

Wakashuka mtoni kwa mitumbwi, miezi mingi, wakipita maporomoko na vita na njaa. Lualaba ukaonekana kuwa ndio Kongo. Mwezi wa Machi 1877 wakafika mahali ambapo mto unapanuka kama ziwa, paitwapo leo Pool Malebo. Lakini baada ya hapo mto hubanwa na milima, ukaanguka katika maporomoko moja baada ya jingine mpaka karibu na bahari. Mwisho wa mwezi ule Kalulu, kijana Mwafrika aliyekuwa na Stanley tangu 1871, aliyepelekwa Uingereza akasoma shule huko, alichukuliwa na maji pamoja na wenziwe wote waliokuwa katika mtumbwi wake. Frank aliyaona mambo hayo. Wakati huo viatu vyake vilikuwa vimekwisha, na mara nyingi alitembea bila kitu miguuni. Vidonda vikamtoka, vikazidi, hata hakuweza tena kwenda kwa miguu.

Tarehe 3 Juni 1877 kambi ilikuwa ikihamishwa kutoka Mowa kwenda Zinga. Kati ya mahali hapo pawili palikuwa na poromoko la Massassa. Stanley alitangulia kwa nchi kavu ili azungumze na watemi wa Zinga, akaagiza Frank aletewe machela achukuliwe mabegani. Frank hakupenda kungoja. Tangu alipozaliwa alikuwa amesafiri majini, naye sasa aone haya, achukuliwe kama mzigo! Akaingia katika mtumbwi uitwao Jason, pamoja na Uledi na mabaharia wengine.

Uledi alikuwa mshika usukani wa Lady Alice, tena mtu hodari kuliko wote katika safari ile. Alikuwa amekwisha kuwaokoa watu wengi majini kwa kujitupa mwenyewe. Walipokaribia poromoko, wakauegesha mtumbwi kando, na Uledi akapanda juu ya miamba aitazame njia ya maji. Akarudi akamwambia Bwana Mdogo kwamba mahali hapo hapapitiki. Wakijaribu, watu watakufa. Frank aliweza kuuona mto kutoka katika mtumbwi tu, kwa sababu ya miguu yake. Na kutoka pale mawimbi yalionekana madogo. Tena alikuwa na njaa na maumivu. Akawacheka, akasema kwamba hakudhani Waungwana ni waoga hivyo. Neno lile likawachoma. Uledi akawauliza wenziwe kama watakubali kuitwa waoga. Akasema kwamba yeye anajua mauti yako pale, lakini wote hufa mara moja tu. Wakashika makasia, wakauachia mtumbwi uende.

Mara wakaona ya kuwa Uledi alisema kweli. Mtumbwi ukavutwa na nguvu zisizozuilika, ukaruka juu ya poromoko, ukaanguka mahali maji yanapozunguka kama pia. Ukashikwa, ukazungushwa, ukazamishwa pamoja na watu wake wote. Uliporuka juu tena, watu wanane walikuwa wameushika. Frank alikuwa muogeleaji hodari, lakini maji yalikuwa yamemtenga na mtumbwi. Uledi alimwona akiinuka, amekwisha kulegea. Akauacha mtumbwi uliokuwa wokovu wake, akaogelea kumfuata. Mzunguko wa pili ukawakamata wote wawili, ukawavuta chini. Uledi akatoka juu, amechoka mno, karibu kufa. Bwana Mdogo hakutoka.

Stanley alikuwa amekaa juu ya mwamba kule Zinga, akitazama mto kwa darubini. Akaona mtumbwi umepinduka, na vichwa vya watu vimeushikilia. Akavihesabu, akapata vinane. Nao walikuwa watu kumi na mmoja. Kabla ya jua kuchwa alikwisha kupata habari kamili. Siku kadhaa baadaye mvuvi mmoja aliona kitu cheupe kikielea mtoni. Akakaribia na mtumbwi wake, akaona ni uso wa Mzungu aliyekufa, akaogopa sana. Hivyo mwana wa mvuvi wa Medway alionwa mara ya mwisho na mvuvi wa Kongo.

Huzuni iliingia katika kambi yote. Waungwana walimlilia kama ndugu yao; wengine wakakata tamaa, wakasema heri kubaki na kuwa watumwa wa wenyeji kuliko kuendelea kufa majini. Hata hivyo mwezi wa Agosti 1877 wakafika Boma, na tarehe 26 Novemba wale waliosalia wakarudi Unguja kwao. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu za taabu wakati Frank alipokufa. Kama angalingoja machela siku ile moja, huenda angaliiona bahari.

Frank Pocock alishika kwa uaminifu kazi asiyoipenda, kazi ya kungoja. Pale Kageye alingoja siku 57 katika hatari, na pale Ujiji siku 51 katika ugonjwa, wala hakuiacha kambi. Watu wote waliomtegemea walimkuta mahali pake. Kungoja huku ndiko kulikompa jina. Lakini siku moja tu, kwa sababu ya maumivu na haya, alishindwa kungoja saa chache. Na siku hiyo hakupoteza uhai wake peke yake, bali na uhai wa wenziwe wawili waliomtii.

Alijua maji ya nyumbani kwake, akadhani anayajua maji yote. Wazee husema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Uledi hakuwa mwoga. Mwoga asingalijitupa katika mzunguko wa maji kumfuata mtu aliyemtukana muda mchache kabla. Yeye alikuwa amepanda mwamba akatazama, na Frank hakuwa ametazama. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwa kati yao. Basi kijana yeyote, awe kiwanjani, awe mtumbwini, awe kazini, akijiona ana nguvu na wepesi, amshukuru Mungu kwa vipawa hivyo; lakini mwenziwe aliyekwenda kutazama mbele akirudi na kusema njia haipitiki, amsikilize, wala asimwite mwoga.